Lucas Radebe: Nahodha Aliyekuja kama Nyongeza

Mwaka 1994 klabu ya Leeds United, ya kaskazini mwa Uingereza, ilisajili wachezaji wawili kutoka Afrika Kusini. Aliyetakiwa hasa alikuwa Philemon Masinga, mshambuliaji mrefu, hodari wa mipira ya kichwa. Wa pili alikuwa kijana mwembamba wa miaka 25 aitwaye Lucas Radebe, aliyegharimu pauni 250,000. Inasimuliwa kwamba sababu kubwa ya kumchukua ilikuwa kumpatia Masinga mtu wa kuzungumza naye ugenini. Kwa lugha ya sokoni alikuwa nyongeza, ile nyanya moja ambayo muuzaji hukutupia juu ya fungu ulilokwisha lilipia.

Miaka miwili baadaye Masinga aliondoka, nyongeza akabaki. Kibali cha kazi cha Masinga hakikuweza kuongezwa muda kwa sababu hakuwa amecheza idadi ya mechi iliyotakiwa na serikali. (Wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wetu tunaishi kwa kuhesabu tarehe za viza, hatuhitaji kuelezwa zaidi.) Radebe aliendelea kucheza, na mwaka 1998 akavishwa kitambaa cha unahodha wa Leeds. Wakati huohuo alikuwa nahodha wa timu ya taifa ya Afrika Kusini, Bafana Bafana. Alistaafu mwaka 2005 akiwa amecheza zaidi ya mechi 250 kwa klabu hiyo moja ya Uingereza na mechi 70 kwa nchi yake.

Wanaomsifu Radebe kwa kawaida hutumia neno moja: uaminifu. Alibaki Leeds wakati klabu kubwa zaidi zilipomtaka. Ni kweli, lakini naona ni nusu ya habari. Uaminifu ni sifa ya mtu mmoja, na historia haipaswi kuishia kwenye sifa za mtu mmoja. Ili tuelewe unahodha wa Radebe yatupasa kumtazama pamoja na Mwafrika Kusini mwingine aliyevaa jezi ileile, katika uwanja uleule wa Elland Road, miaka zaidi ya thelathini kabla yake. Mtu huyo ni Albert Johanneson, na aliaga dunia katika mji wa Leeds mwezi Septemba 1995, mwaka mmoja tu baada ya Radebe kufika.

Johanneson hakuwa wa kwanza kabisa. Gerry Francis, naye kutoka Afrika Kusini, alianza kuichezea Leeds mwishoni mwa miaka ya 1950 na ndiye mchezaji mweusi wa kwanza wa klabu hiyo. Johanneson, mzaliwa wa Germiston karibu na Johannesburg, alimfuata mwaka 1961. Alikuwa winga wa kushoto, mwenye mbio na chenga, na katika msimu wa 1963/64, Leeds ilipopanda kutoka daraja la pili, alifunga mabao 13 ya ligi. Tarehe 1 Mei 1965 alicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Liverpool pale Wembley, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Leeds ilifungwa 2-1 katika muda wa nyongeza, na Johanneson hakung'ara siku hiyo.

Kuna kisa kilichosimuliwa mara nyingi na wachezaji wenzake. Siku zile wachezaji walioga pamoja katika birika moja kubwa baada ya mechi. Johanneson alisita kando, hakuingia, kwa kuwa alikotoka mtu mweusi hakuruhusiwa kuoga maji mamoja na Wazungu, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba hapa mambo ni tofauti. Wenzake ikabidi wamvute. Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, kama mfano wa ukarimu wa timu. Mimi nikikisoma nasimama kwenye lile neno: hakuna aliyekuwa amemwambia. Klabu ilimleta kijana wa miaka 21 kutoka nchi ya ubaguzi wa rangi na haikufikiri kwamba kuna lolote la kumweleza isipokuwa mahali pa kusimama uwanjani. Matusi ya rangi aliyoyapata kutoka majukwaani na kwa wapinzani aliachiwa ayabebe mwenyewe. Miguu ilipoanza kuumia na namba yake ikachukuliwa, hakubaki na kitu cha kushika. Aliondoka kwenda York City mwaka 1970, soka ikaisha, pombe ikamshinda. Alipokutwa amekufa nyumbani kwake alikuwa na miaka 55, na zilikuwa zimepita siku kadhaa kabla mtu yeyote hajajua.

Kati ya Johanneson na Radebe kuna kipindi ambacho Leeds ya leo haipendi kukikumbuka. Katika miaka ya 1970 na 1980 chama cha wabaguzi cha National Front kiliuza magazeti yake nje ya Elland Road, na nyimbo za kuwatukana wachezaji weusi zilisikika jukwaani kila wiki. Mashabiki wenyewe ndio waliochoka. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1980 walianzisha kikundi cha kupinga ubaguzi na ufashisti, wakachapisha kijarida chao na kukigawa mlangoni, mahali palepale wale wengine walipokuwa wakiuza chao. Radebe alipofika 1994 sehemu ya kazi hiyo ilikuwa imekwisha fanywa na watu wasiojulikana majina. Hili nalisema mapema ili tusije tukadhani kwamba nahodha mmoja mwenye tabasamu alikuja akausafisha uwanja peke yake.

Sasa tumtazame mwenyewe. Radebe alizaliwa tarehe 12 Aprili 1969 huko Diepkloof, Soweto. Alikuwa na umri wa miaka saba wanafunzi wa Soweto walipopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976. Alipokuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, na mitaa ikiwaka moto, wazazi wake walimwondoa Soweto wakampeleka Bophuthatswana, moja ya vile vijinchi ambavyo serikali ya makaburu ilivitangaza kuwa huru na Umoja wa Mataifa ukakataa kuvitambua. Huko ndiko alikoanza kucheza mpira kwa bidii, tena akiwa golikipa. Mwaka 1989 alirudi Soweto kujiunga na Kaizer Chiefs, wakamtoa golini wakampeleka kati, kisha nyuma.

Mwaka 1991, akiwa safarini Diepkloof na ndugu yake, alipigwa risasi. Iliingia mgongoni ikatokea pajani, na kwa bahati haikugusa kiungo kikubwa cha ndani. Aliyefyatua hakujulikana. Radebe mwenyewe amewahi kueleza tetesi kwamba kuna watu waliotaka kumzuia asihamie klabu nyingine, lakini tetesi hizo hazikuthibitishwa kamwe. Baada ya hapo wazo la kwenda kucheza mbali halikuwa tena la fedha peke yake.

Mwaka uliofuata ndio mwaka wa historia. Afrika Kusini ilisimamishwa na FIFA mwaka 1961 na kufukuzwa kabisa 1976 kwa sababu ya ubaguzi. Mwezi Julai 1992 ilirudishwa, na tarehe 7 Julai ikacheza Durban dhidi ya Cameroon na kushinda 1-0 kwa penalti ya Doctor Khumalo. Radebe alikuwamo kikosini. Ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza ya kimataifa. Kwa sisi tuliokulia Tanzania mwezi huo una maana nyingine pia. Ni mwezi huohuo chuo cha ANC cha Mazimbu, Morogoro, kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, kwa kuwa wakimbizi sasa waliweza kurudi kwao. Vijana waliosoma Mazimbu na kijana aliyesimama Durban ni wa rika moja.

Timu mpya haikuwa nzuri. Baada ya ushindi ule ilichapwa 4-1 na Zimbabwe na 4-0 na Nigeria. Watu waliozoea kuambiwa kwamba ligi yao ni bora Afrika nzima waligundua kwamba miaka thelathini ya kufungiwa ina gharama.

Leeds nayo haikumpokea Radebe kwa mikono miwili. Howard Wilkinson, kocha aliyeipa klabu ubingwa wa 1992, hakuonekana kujua amweke wapi. Mwanzoni mwa 1995 goti lake liliumia vibaya, akakaa nje muda mrefu. Katika kipindi hicho Johanneson alifariki, katika mji huohuo. Natamani tungeweza kuchora mstari mnyoofu na kusema kwamba klabu ilijifunza kutokana na kifo kile ikamtunza kijana wa pili. Ushahidi hauruhusu kwenda mbali hivyo. Tunachoweza kusema ni kwamba Radebe alikuwa na vitu ambavyo Johanneson hakuwa navyo: mwenzake wa nyumbani mjini, nchi iliyokuwa ikimwita arudi kuichezea, na bendera isiyomwonea haya. Johanneson hakuwahi kuwa na timu ya taifa. Nchi yake ilikuwa na timu, lakini ya Wazungu watupu.

Timu ya taifa ndiyo iliyomwokoa Radebe. Mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 1996 yalikuwa yapewe Kenya. Maandalizi yakashindikana, yakahamishiwa Afrika Kusini. (Wakenya wa klabu hii wanisamehe kwa kulikumbusha.) Radebe alikuwa ndiyo kwanza anapona goti. Kocha Clive Barker alimchezesha hata hivyo. Katika nusu fainali dhidi ya Ghana mshambuliaji wa kuogopwa alikuwa Tony Yeboah, mchezaji mwenzake wa Leeds, ambaye mashuti yake msimu ule yalikuwa yakitikisa nyavu za Uingereza nzima. Radebe alimkaba kama mtu anayemjua ndani na nje, na ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akifanya naye mazoezi kila siku. Yeboah hakufua dafu. Afrika Kusini ilishinda 3-0, na tarehe 3 Februari ikaifunga Tunisia 2-0, mabao yote mawili yakifungwa na Mark Williams.

Aliyenyanyua kombe siku ile hakuwa Radebe. Alikuwa Neil Tovey, beki Mzungu wa Kaizer Chiefs, na Nelson Mandela alikuwa amevaa jezi namba 9, namba ya Tovey, kama alivyovaa namba 6 ya Francois Pienaar kwenye raga mwaka uliotangulia. Soka nchini humo ni mchezo wa watu weusi, na nahodha wa timu alikuwa Mzungu aliyechezea klabu ya Soweto na kupendwa huko. Radebe alijifunza unahodha chini ya mtu huyo, kwenye klabu na kwenye taifa. Hili husahaulika watu wanapomchora Radebe kama kiongozi aliyezaliwa hivyo.

Aliporudi Leeds alikutana na jioni ambayo mashabiki wa huko bado wanaizungumzia. Tarehe 17 Aprili 1996, Old Trafford, golikipa wa Leeds Mark Beeney alipewa kadi nyekundu mapema kipindi cha kwanza, na benchi halikuwa na golikipa wa akiba. Radebe akavaa glavu. Yule golikipa wa Bophuthatswana akasimama mbele ya Manchester United iliyokuwa ikikimbilia ubingwa, akazuia kila kitu mpaka dakika ya 72, Roy Keane alipofunga. Leeds ilifungwa 1-0. Kwa hesabu za ligi ilikuwa kipigo kama vipigo vingine. Kwa mashabiki waliosafiri ilikuwa siku ambayo mtu wa ziada aligeuka kuwa mtu wao.

Septemba ya mwaka huo George Graham alichukua ukocha. Graham alipenda mabeki kuliko kitu chochote duniani, na alimwona Radebe kuwa beki wa kati, basi, wala si kitu kingine. Tangu hapo mambo yakanyooka. Radebe hakuwa beki wa kupiga mtu na mpira pamoja. Alisoma mchezo, akachelewa kidogo, akaunyoosha mguu mrefu sekunde ya mwisho na kuuchukua mpira bila kugusa mtu. Graham ndiye aliyempa kitambaa mwaka 1998, kisha mwezi Oktoba akaenda Tottenham, na msaidizi wake David O'Leary akarithi timu.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu nahodha. Tumelichukua neno hili kutoka baharini. Nahodha wa jahazi alikuwa na mamlaka halisi: shehena, mabaharia, posho zao, uamuzi wa kungoja upepo au kung'oa nanga. Nahodha wa mpira hana hata robo ya hayo. Sheria za mchezo zinasema wazi kwamba hana hadhi wala haki ya pekee. Ana kiasi fulani cha wajibu kwa mwenendo wa timu yake, na anapiga shilingi kabla ya mechi. Kocha ndiye apangaye, mwenyekiti ndiye auzaye. Kwa hiyo nahodha wa mpira anaongoza bila cheo, kwa kile tu wenzake wanachokubali kumpa. Beki ana faida moja hapo. Anauona uwanja wote mbele yake, na sauti yake inawafikia wote kutoka nyuma.

Timu aliyoiongoza Radebe ilikuwa ya watoto. Harry Kewell, Ian Harte, Jonathan Woodgate, Alan Smith: wengi walikuwa wametoka timu ya vijana juzijuzi. Radebe, aliyekaribia miaka thelathini, alikuwa kaka mkubwa. Kati ya Woodgate na yeye unaona jinsi unahodha unavyofanya kazi bila hotuba. Kijana anakwenda mbele kukabili, mkubwa anabaki nyuma yake kufunika. Leeds ilimaliza ya nne katika msimu wa 1998/99 na ya tatu uliofuata. Desemba 1999, katika Kombe la UEFA, ilikuwa imefungwa 2-1 na Spartak Moscow katika mechi ya kwanza na ilihitaji bao moja nyumbani. Bao lilikataa mpaka dakika za mwisho, kona ikapigwa, na Radebe, ambaye hakuwahi kufunga hata bao moja la ligi kwa Leeds maisha yake yote, akaruka akafunga kwa kichwa. Ikawa 1-0, Leeds ikapita kwa bao la ugenini.

Kumbuka kwamba katika miezi hiyohiyo alikuwa nahodha wa timu mbili zilizo mabara mawili. Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Januari na Februari, katikati ya msimu wa Uingereza. Mechi za kufuzu zilimtaka apande ndege usiku kwenda Johannesburg au kwingineko Afrika, acheze, arudi, acheze tena Jumamosi. O'Leary alilalamika hadharani. Nyumbani nako, asipofika, walisema pauni zimemlevya. Mjadala huu tunaujua. Wachezaji wa Afrika wanausikia hadi leo, na huendeshwa kana kwamba ni suala la moyo wa mchezaji, anaipenda nchi au anapenda mshahara. Ukweli ni kwamba kalenda ilipangwa na watu wengine, na malipo yalitoka kwenye magoti ya Radebe.

Mwaka 2000 ulikuwa na heshima na giza pamoja. Usiku wa kuamkia nusu fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Galatasaray, mashabiki wawili wa Leeds waliuawa kwa visu mjini Istanbul, na mechi ikachezwa siku iliyofuata. Mapema mwaka huo, katikati ya mji wa Leeds, mwanafunzi mwenye asili ya Asia alipigwa vibaya sana usiku, na wachezaji wawili wa kikosi cha kwanza wakafikishwa mahakamani. Kesi iliendelea hadi mwisho wa 2001. Mmoja alipatikana na hatia ya kushiriki vurugu, mwingine akaachiwa huru kwa mashtaka yote. Upande wa mashtaka ulisema chanzo hakikuwa rangi. Jamii ya Waasia wa Leeds haikulimeza hilo kirahisi. Desemba 2000, kesi ikingoja kusikilizwa, FIFA ilimpa Radebe tuzo ya mchezo wa haki kwa kazi yake dhidi ya ubaguzi na kwa ajili ya watoto.

Naona mambo haya mawili yatajwe katika aya moja, ingawa wasifu wake mwingi huyatenganisha. Hayampunguzii Radebe kitu. Hakuwa mshtakiwa wala shahidi wa jambo lolote. Yanatuonyesha tu mpaka wa kile kitambaa. Nahodha anaweza kuwa mfano wa kuigwa, akaheshimiwa na uwanja mzima, na bado klabu ileile ikawa na ugonjwa ambao mfano hauwezi kuutibu.

Mwezi Aprili 2001 Mandela alikuja Leeds kupokea heshima ya mji. Maelfu walijaa katika Millennium Square. Mzee aliteleza ulimi akasema amefurahi kuwa Liverpool, na watu wa Leeds, ambao kwa kawaida hawasamehi kosa la namna hiyo, wakamsamehe papo hapo. Radebe alikuwapo, na inakumbukwa kwamba Mandela alimwita shujaa wake. Kwa mji ulioacha Johanneson afe peke yake, ile ilikuwa siku ya aina yake.

Lakini mguu wa nahodha ulikuwa umekwisha choka. Majeraha ya goti na ya kifundo yalimtoa uwanjani kwa muda mrefu. Leeds ilikuwa imemnunua Rio Ferdinand kwa pauni milioni 18, bei ambayo haikuwahi kulipwa kwa beki yeyote duniani, na Ferdinand ndiye aliyepewa kitambaa Radebe alipokuwa akijiuguza. Kijana aliyegharimu pauni 250,000 alimkabidhi timu aliyegharimu mara 72 zaidi yake. Ferdinand aliuzwa kwa Manchester United mwaka 2002 kwa karibu pauni milioni 30, maana klabu ilikuwa imezama katika deni la makumi ya mamilioni.

Wanaosema Radebe alibaki kwa uaminifu tu wafikirie pia hili. Manchester United na klabu za Italia zinatajwa kwamba zilimtaka alipokuwa kileleni, na hakwenda. Baadaye, hata kama angetaka, nani angenunua magoti yale? Kubaki kwake kulikuwa na uamuzi ndani yake na kulikuwa na mwili ndani yake. Haimwondolei heshima kusema hivyo.

Kombe la Dunia la 2002 ndilo lililomwonyesha kwa mara ya mwisho mbele ya dunia nzima. Alikuwa amecheza kidogo mno kwa miezi mingi, bado alikuwa nahodha. Afrika Kusini ilitoka sare 2-2 na Paraguay na kuifunga Slovenia 1-0, ushindi wa kwanza wa nchi hiyo katika Kombe la Dunia. Tarehe 12 Juni ilikutana na Hispania. Mara mbili Hispania ikatangulia, mara mbili ikasawazishwa, na la pili alifunga Radebe kwa kichwa. Raúl akafunga la tatu dakika chache baadaye. Hata kwa kufungwa 3-2 Afrika Kusini ingepita, mradi tu Paraguay isiifunge Slovenia kwa mabao mawili. Paraguay ilianza nyuma 1-0 ikiwa na wachezaji kumi, na ikashinda 3-1. Bao la tatu liliingia dakika ya 84. Timu zote mbili zikawa na pointi nne na tofauti ya mabao sifuri. Paraguay ilikuwa imefunga sita, Afrika Kusini matano. Basi.

Alicheza mechi yake ya mwisho ya taifa Mei 2003, Durban, mji alikoanzia, dhidi ya Uingereza. Mwaka 2004 Leeds ilishuka daraja. Wachezaji wa thamani waliuzwa mmoja baada ya mwingine. Radebe alibaki katika daraja la chini, akicheza kwa nadra. Karibu na wakati huo vijana watano wa bendi moja ya Leeds, mashabiki wa timu, walitafuta jina jipya wakachagua Kaiser Chiefs, kwa heshima ya klabu ya Soweto alikotoka beki wao.

Mechi yake ya kuagwa ilichezwa Elland Road tarehe 2 Mei 2005. Leeds ilikuwa katikati ya jedwali la daraja la pili, bila fedha, bila nyota. Walikuja watu zaidi ya 37,000, na mapato yakaenda kwa mashirika ya hisani. Albert Johanneson angekuwa na miaka 65.